Tairi Linapoanza Kupoteza Upepo, Una Dakika Ngapi?

Tairi kupasuka barabarani mara nyingi si jambo la ghafla, ingawa mlio wake hushtua. Mlio ule ni mwisho wa jambo lililoanza kilomita nyingi nyuma, pale mwiba wa mgunga ulipochoma, valvu ilipolegea au jiwe lilipokata ubavu, na upepo ukaanza kutoka kidogo kidogo huku gari likiendelea kukimbia. Tairi lenye upepo pungufu hukunja ubavu wake kila linapokanyaga ardhi. Tairi la 265/65R17, linalovaliwa na Hilux na Prado nyingi, huzunguka mara 9 hivi kila sekunde gari linapokwenda kilomita 80 kwa saa. Kila mzunguko huleta mkunjo, kila mkunjo huzaa joto, na kwa kuwa mpira haupitishi joto kwa wepesi, joto hujikusanya ndani, hasa kwenye mabega ya tairi ambako mikanda ya waya imeshikamana na mpira. Mshikamano ule ukishalegea, tairi limekwisha hata kama kwa nje bado linang'aa. Kinachoamua kama utabadilisha gurudumu kando ya barabara kwa utulivu, au gari litakushinda, ni muda uliopita kati ya upepo kuanza kupungua na dereva kujua. Kwa sababu hiyo, mwenye gari la 4x4 anayetaka mfumo wa kupima upepo wa matairi ajue kwamba ananunua dakika. Aulize mfumo utampa dakika ngapi, na aachane na uzuri wa kioo chake na wingi wa madoido yaliyoandikwa kwenye boksi.

Dakika hizo ni chache zaidi kwa gari la 4x4 kuliko kwa gari dogo la mjini. Tairi lake lina ubavu mrefu na mgumu, ambao hubeba gari kwa muda hata upepo unapokuwa umepungua sana, kwa hiyo macho hayaoni kitu. Tairi linalopaswa kuwa na psi 35 likishuka hadi 26 linaonekana karibu sawa na lile lililo zima, na wale wanaolipiga teke wakati gari limesimama sheli hawapati jibu lolote la maana. Gari lenyewe ni zito, na mara nyingi limeongezewa mzigo: madumu ya mafuta, vitanda vya juu ya paa, abiria sita na mizigo yao. Usukani wa gari dogo kwenye lami humwambia dereva mapema kwamba upande mmoja umelegea. Kwenye barabara ya changarawe iliyojaa mawimbimawimbi, gari lote linatetemeka, kelele ni nyingi, na tairi la nyuma linaweza kupoteza nusu ya upepo wake bila dereva kuhisi tofauti. Isitoshe, gari hili ni refu kwenda juu. Gari dogo likipata pancha kwenye kona huyumba. La 4x4 lililobeba mzigo juu ya paa huweza kupinduka.

Haya yaliwahi kuthibitishwa kwa gharama kubwa ya maisha ya watu. Mwezi Agosti 2000 kampuni ya Bridgestone/Firestone ilitangaza kurudishwa kwa matairi milioni 6.5 nchini Marekani, mengi yakiwa yamefungwa kwenye Ford Explorer, gari refu la familia lililokuwa likiuzwa kwa wingi wakati ule. Uso wenye kashata ulikuwa ukibanduka kwenye tairi katika mwendo wa kasi, kisha gari likipinduka. Idara ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilihusisha matairi hayo na vifo 271. Matairi yenyewe yalikutwa na kasoro, lakini mjadala ulifichua jambo la pili: Ford ilikuwa ikiwashauri wateja wajaze psi 26, wakati Firestone ilitaka 30. Tairi linaloanza safari na psi 26 halina akiba. Likipoteza psi 5 tu, chini ya gari lililojaa watu, katika joto la jimbo kama Texas au Arizona, linaingia katika eneo la hatari bila ishara yoyote. Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyotiwa saini tarehe 1 Novemba 2000, na ndani yake likaagiza magari mapya yawe na kifaa cha kumwonya dereva kuhusu upepo pungufu. Kufikia Septemba 2007 agizo lilikuwa limeenea kwa magari yote mapya ya abiria na pikapu nyepesi. Taa ndogo ya njano yenye umbo la tairi lililokatwa, inayoonekana leo kwenye dashibodi nyingi, ilizaliwa na ajali za magari marefu yaliyobeba mzigo. Wanunuzi wa 4x4 wanaodhani kwamba mfumo huu ni pambo la magari ya kifahari wanasahau asili yake.

Hata hivyo, taa ile haitoshi, na namba za sheria yenyewe zinaonyesha kwa nini. Kanuni ya Marekani inaitaka iwake tairi likishuka asilimia 25 chini ya kiwango kilichobandikwa mlangoni, na inaruhusu mfumo uchukue hadi dakika 20 kugundua. Kanuni ya Ulaya, iliyoanza kwa aina mpya za magari mwezi Novemba 2012 na kwa magari yote mapya mwezi Novemba 2014, ni kali kidogo: asilimia 20, ndani ya dakika 10 kwa tairi moja lililotobolewa, na ndani ya saa nzima kwa upepo unaopungua polepole katika matairi yote. Tuzihamishie namba hizi barabarani. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita zaidi ya kilomita 26 katika dakika 20. Kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya, huo ni zaidi ya nusu ya kipande cha kilomita 50 hivi kinachokatiza Hifadhi ya Mikumi. Kiwango cha mlangoni nacho huhesabiwa kwa matairi yaliyotoka kiwandani. Mwenye gari akivalisha matairi mazito ya daraja la LT, yaani ya malori mepesi, ambayo kwa kawaida huhitaji upepo mwingi zaidi ili kubeba mzigo uleule, taa bado inasubiri kiwango cha zamani kishuke kwa robo ndipo iseme. Sheria iliweka kiwango cha chini kwa gari la kawaida kwenye lami. Mwenye 4x4 inayokwenda Loliondo au Marsabit anahitaji zaidi ya hapo.

Kwa wengi wetu, hata taa hiyo haipo. Magari mengi ya 4x4 yanayoingia Afrika Mashariki ni yaliyotumika kutoka Japani, nchi ambayo haijalazimisha mfumo huu kwa magari ya abiria. Yale yaliyokuja nao huwa yamekuja na sensa zilizozeeka. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lenye zaidi ya miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na Tanzania hupokea hata yaliyo na umri mkubwa zaidi kwa kuyatoza zaidi. Betri ya sensa ya ndani ya tairi hudumu kati ya miaka 5 na 10, na imefungiwa ndani ya plastiki iliyomiminwa, kwa hiyo ikiisha unabadilisha sensa nzima. Ukiona taa ya njano inamweka kwa dakika moja hivi kila unapowasha gari, kisha inabaki imewaka, gari linakwambia kwamba mfumo umeharibika, wala si kwamba upepo umepungua. Anayetaka kununua sensa mpya za kuziba pengo hilo ajue pia kwamba gari la Japani na la Marekani kwa kawaida husikiliza mawimbi ya megahezi 315, na la Ulaya 433. Sensa ya 433 ikifungwa kwenye gari la 315 haitasomwa kamwe, na tairi litakuwa limefunguliwa bure.

Kuna mifumo isiyopima upepo hata kidogo. Hutumia vipimo vya mwendo vya breki za ABS: tairi lililopungua upepo huwa fupi kidogo, kwa hiyo huzunguka haraka kuliko wenzake, na kompyuta ya gari ikiona tofauti hiyo huwasha taa. Ni ubunifu mzuri, hauna betri wala kifaa cha kuibwa, na kwa gari dogo la lami unafaa. Kwa 4x4 una kasoro ninazoona hazivumiliki. Matairi yote manne yakishuka pamoja, kama yanavyofanya gari likikaa miezi bila kuangaliwa, mifumo mingi ya aina hii haioni kitu kwa sababu inalinganisha tairi na tairi. Kwenye tope, mchanga na kokoto magurudumu huteleza, na tofauti ya mzunguko haina maana tena. Kila ukibadilisha upepo kwa makusudi lazima ukumbuke kuufundisha mfumo upya kwa kitufe, na ukibonyeza kitufe hicho tairi moja likiwa tayari limelegea, umeufundisha kwamba ulegevu ni hali ya kawaida. Zaidi ya yote, hautoi namba. Unasema kuna tatizo, bila kusema mara nyingi ni tairi gani wala upungufu ni kiasi gani.

Namba ndizo zinazonunua dakika. Mfumo wenye sensa katika kila gurudumu huonyesha upepo wa kila tairi mbele ya dereva wakati gari linakwenda, na hapo dereva makini anapata kitu ambacho taa haiwezi kumpa. Upepo hupanda tairi linapopata joto. Kwa tairi lenye psi 35, kila nyuzi 6 hivi za Selsiasi huongeza psi 1. Sasa fikiria tairi linalovuja polepole. Lilianza na 35, joto la safari limeongeza 5, uvujaji umeondoa 4, na kioo kinasoma 36. Kwa taa ya kiwandani tairi hilo ni zima kabisa, kwa kuwa liko juu ya kiwango cha asubuhi. Lakini mwenzake wa upande wa pili, katika ekseli ileile na chini ya mzigo uleule, anasoma 40. Pengo la psi 4 kati ya ndugu wawili ni ushahidi tosha wa kusimama na kuchunguza, na limejitokeza muda mrefu kabla ya hatari. Hakuna kengele iliyolia wala haikuhitajika. Ndiyo maana naamini kwamba kigezo cha kwanza cha kununua ni kioo kinachoonyesha matairi yote kwa wakati mmoja, bila kulazimika kubonyeza ili kuhama kutoka tairi moja kwenda jingine. Mwombe muuzaji akuonyeshe kioo hicho nje ya duka, juani, maana vingine havisomeki kabisa mchana.

Namba hizohizo hufundisha kiwango sahihi cha upepo, jambo ambalo watu hubishania bila kipimo. Madereva wa 4x4 wa Australia wana kanuni yao ya psi 4. Unapima asubuhi tairi likiwa baridi, unaendesha kwa saa moja hivi, unasoma tena. Upepo ukiwa umepanda kwa psi 4 hivi, au karibu 6 kwa matairi mazito ya LT, ulianza vizuri kwa mzigo na barabara hiyo. Ukipanda zaidi, tairi linajikunja na kuchemka kupita kiasi, maana yake ulianza na upepo mdogo. Hili huwachanganya wengi: dereva anaona 44 kwenye kioo, anaogopa kwamba tairi litapasuka kwa kujaa, anasimama na kulipunguza likiwa la moto. Amefanya kinyume kabisa cha kilichohitajika, na tairi litazidi kuchemka. Kumpa mtu mfumo bila kumweleza jambo hili ni kumwachia hatari mpya mkononi.

Baada ya kukubali sensa za kila gurudumu, swali linalowagawa wanunuzi ni kama ziwe za nje au za ndani. Sensa ya nje ni kifuniko kinachofungwa juu ya valvu badala ya kile cha plastiki. Inafungwa kwa dakika chache bila kufungua tairi, betri yake ni kama ile ya saa na huibadilisha mwenyewe kila mwaka mmoja au miwili, na ukiuza gari unaondoka nayo. Kwa Land Cruiser za kazi zenye rimu za kufunguka na tyubu ndani, kama zile za 7.50R16 zinazobeba watalii, wagonjwa na maofisa wa miradi vijijini, kwa kawaida hakuna uchaguzi mwingine: sensa ya ndani imetengenezwa kukaa kwenye rimu isiyo na tyubu. Lakini kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Ili ipime, sensa ya nje hubonyeza na kuushikilia wazi moyo wa valvu, kwa hiyo upepo wote wa tairi unazuiwa na mpira mdogo ulio ndani ya kifuniko hicho. Jiwe likikivunja, tairi linatoa upepo palepale. Uzito nao si mdogo kama unavyoonekana mkononi. Gari likienda kilomita 100 kwa saa, kitu kilichoko mahali pa valvu kwenye rimu ya inchi 17 huvutwa kwenda nje kwa nguvu inayokaribia mara 100 ya uzito wake. Sensa ya gramu 10 inavuta valvu kama kitu cha kilo 1, na barabara mbaya inaitikisa bila kukoma. Valvu ya mpira iliyozeeka chini ya mzigo huo hupasuka shinani, na kifaa kilichonunuliwa kuzuia pancha kinakuwa ndicho chanzo chake.

Pingamizi hilo ni la kweli, na wanaolitoa wanastahili kusikilizwa kuliko wauzaji. Jibu lake si kuacha sensa za nje. Ni kubadilisha valvu kwanza. Valvu fupi za chuma, zinazokazwa kwa nati, hazipindi, na zikichaguliwa fupi vya kutosha hujificha ndani ya mstari wa rimu ambako mawe hayafiki kwa urahisi. Kazi hiyo inahitaji tairi lifunguliwe upande mmoja, kwa hiyo wakati mzuri wa kuifanya ni pale unapovalisha matairi mapya. Baada ya kufunga kila sensa, paka maji ya sabuni kuzunguka valvu na uangalie kama kuna povu. Ukaguzi huo urudiwe kila sensa inapotolewa na kurudishwa. Kwa wanaoishi pwani, chumvi ya hewani huunganisha shaba ya valvu na aluminiamu ya kifuniko mpaka havifunguki bila kuvunja, kwa hiyo grisi kidogo kwenye nyuzi za skrubu ni lazima. Wezi nao wapo, hasa mijini, na sensa nyingi huja na nati ya kuzifunga kwa spana maalumu. Nati hiyo inasaidia, ila inaongeza kazi kila unapotaka kujaza upepo, na spana hiyo ikipotea njiani umejifungia tairi lako mwenyewe.

Sensa ya ndani haina mengi ya haya. Jiwe haliifikii, mwizi haioni, unajaza upepo kama kawaida, na joto inalosoma ni la hewa iliyo ndani ya tairi, wakati ile ya nje husoma zaidi joto la upepo unaopita kando ya gurudumu. Adui yake ni chuma cha kufungulia tairi. Sensa nyingi hukaa nyuma tu ya valvu, na fundi wa kandokando ya barabara anayeingiza chuma chake mahali pale bila kujua kilichomo huivunja kwa mkono mmoja. Hilo si kosa la fundi, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Gundi za maji za kuziba pancha nazo huweza kuziba tundu la sensa ikawa inasoma uongo. Betri ikiisha, matairi yote hufunguliwa. Kwa hiyo swali la kuamua ni hili: nani hufungua matairi yako, na wapi? Mwenye gari anayebadilisha matairi yote pamoja katika gereji yenye mashine, na ambaye safari zake hupita kwenye mawe makali kama yale ya volkano kuelekea Loiyangalani, anafaidika na sensa za ndani. Anayezibiwa pancha popote anapokwama, na gari lake lina miaka mingi ya kazi mbele, ni afadhali achukue za nje juu ya valvu za chuma. Kwa maoni yangu, hilo kundi la pili ndilo kubwa zaidi kwetu.

Kuna watumiaji wanaopunguza upepo kwa makusudi. Kwenye mchanga wa jangwa la Chalbi, au kule Oman kwenye vilima vya Sharqiya ambako wengi wa jamaa zetu huendesha kila mwisho wa wiki, tairi hushushwa hadi psi 15 au 18 ili liwe pana na lielee. Mfumo usioruhusu viwango kubadilishwa haraka utapiga kelele safari nzima, na dereva ataunyamazisha, na hatakumbuka kuuamsha akirudi kwenye lami. Huo ni mfumo uliokufa. Tafuta unaobadilishwa kiwango cha onyo bila kusoma kitabu, na ukiwa mchangani uweke onyo karibu na 12, kwa sababu chini ya hapo tairi huweza kuchomoka kwenye rimu gari likikata kona. Milima nayo ina hesabu yake, ingawa haiogopeshi. Ukitoka Dar es Salaam, usawa wa bahari, hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro wenye mita 2,300 hivi, wepesi wa hewa ya huko hufanya geji isome psi 3 hadi 4 zaidi, lakini baridi ya asubuhi huondoa kiasi kama hicho. Usijaze wala kupunguza kwa haraka. Subiri gari liendeshwe kidogo, kisha linganisha tairi na tairi.

Mifumo inayotuma namba kwenye simu kwa blututhi inavutia kwa bei, na siishauri. Simu ileile inaonyesha ramani, inapokea wito, inapata joto juani na kuzima programu zinazofanya kazi nyuma yake ili kuokoa chaji. Onyo lililochelewa kwa sababu simu ilikuwa inaita limekula dakika ulizolipia. Kioo cha pekee chenye kengele kali, kinachopata umeme kwa jua au kutoka kwenye gari, ni bora zaidi. Magari ya utalii ya Arusha yaliyorefushwa chasi yanahitaji pia kifaa cha kuongeza nguvu ya mawimbi, kwa kuwa bati na umbali hudhoofisha ishara ya magurudumu ya nyuma, na ni hayohayo yanayobeba mzigo mkubwa. Tairi la akiba lipewe sensa yake. Hilo ndilo linalosahaulika kwa mwaka mzima, kisha linatolewa usiku, kwenye mvua, likiwa na psi 12.

Wapo wanaosema geji nzuri na nidhamu ya kupima kila asubuhi vinatosha. Nidhamu hiyo naiheshimu na haipaswi kuachwa, kwa sababu hata sensa nzuri hukosea kwa psi 1 au 2 na inahitaji kulinganishwa na geji ya kuaminika. Lakini geji hujibu swali la gari lililosimama. Mwiba ulioingia saa mbili baada ya kuondoka hauonekani kwenye kipimo cha alfajiri. Wengine wanahofu kwamba kifaa huzaa uvivu. Utafiti wa NHTSA uliotolewa mwaka 2012 ulionyesha kwamba magari yenye mfumo huu yalikuwa na uwezekano pungufu kwa zaidi ya nusu wa kukutwa na tairi lililoshuka kwa asilimia 25 au zaidi. Mfumo haukuondoa tatizo lote, maana wapo walioendesha huku taa imewaka, ila kwa jumla watu walitunza matairi yao vizuri zaidi, si vibaya zaidi. Kuhusu gharama, seti ya sensa za nje pamoja na valvu za chuma kwa kawaida ni nafuu kuliko tairi moja jipya la 4x4, na tairi lililoendeshwa likiwa tupu, hata kwa kilomita chache, halizibiki tena.

Nenda dukani na gari lako, usinunue kwa picha. Mwombe muuzaji afunge sensa, aweke onyo kwenye asilimia 15 chini ya kiwango chako, kisha atoe upepo kwenye tairi moja huku wewe umekaa kwenye kiti cha dereva na saa mkononi. Mfumo unaofaa hutambua upepo unaotoka kwa kasi na kutuma onyo mara moja, bila kusubiri zamu yake ya kawaida. Kengele isipolia ndani ya dakika moja, au ikilia usiisikie injini ikiwa inanguruma na feni imewashwa, usilipe.